Bei ya Kulisha Gari la Mama Véro

Kutoka Dar es Salaam mpaka Likasi, huko Kongo, nilitumia siku ishirini na tatu, na nyingi kati ya hizo nilizipitisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba za wageni, nikilitazama gari likinywa umeme.

Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani, limekwishatumika, na halikupaswa kutembea lenyewe hata hatua moja. Lilipakiwa juu ya lori nami nikapewa kazi ya kulisindikiza, kwa sababu nilikuwa fundi umeme wa magari, na kwa sababu miguu yangu haitulii. Nilizaliwa Kalemie. Nilipomaliza sekondari nilivuka ziwa, nikakaa Kigoma, nikakaa Tabora, nikakaa Dar zaidi ya miaka kumi. Mtu akiniambia kuna mzigo unakwenda mbali, mimi huwa nimeshafunga begi. Basi lile lori likavunjika ekseli kabla ya kufika Mbeya. Dereva akakaa chini, akashika kichwa. Mimi nikalishusha gari, nikaliwasha, nikaondoka nalo.

Vijana, ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi hii, mnaofungua boneti na kukuta hakuna injini, watu watawauliza swali moja kila siku: kuchaji ni bei gani? Msilijibu haraka. Mimi nililijibu haraka, na ndiyo maana leo nawaandikia nikiwa mstaafu wa miaka arobaini na sita. Msicheke. Wengine hustaafishwa na umri. Mimi nilistaafishwa na waya.

Mbeya, mama wa nyumba ya wageni alilizunguka gari mara mbili, akanitoza vyumba viwili.

"Dada, mimi niko peke yangu," nikamwambia.

"Na huyu je?" akaonyesha gari. "Huyu atakula kuliko wewe, kaka yangu. Kwanza wewe hujavua hata viatu, mwenzio ameshaanza."

Tunduma nililipa zaidi, na kosa lilikuwa langu. Niliacha waya wa kurefusha ukiwa bado umeviringwa kwenye gurudumu lake, nikavuta mita chache tu za kufika dirishani, nikaenda kula. Niliporudi ule mviringo ulikuwa umeyeyuka ukawa kipande kimoja kama keki, na chumba kinanuka. Mzee Shomari, fundi aliyenifundisha kazi kule Dar, alikuwa amenipigia kelele kwa jambo hilohilo mara nyingi: waya wa kurefusha hukunjuliwa wote, hata kama tundu la umeme liko hatua tatu, maana ukiviringwa unajipika wenyewe. Tena, ukishachomeka, subiri dakika kumi, kisha gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya vuguvugu, sawa. Ikiwa ya kukufanya uondoe mkono, chomoa. Haya yaandikeni popote mnapoandika mambo yenu.

Zambia nilipita kwa kudokoa. Baa hii, duka lile, na mahali pamoja palipokuwa mbali mno nilipandishwa juu ya lori tupu la mahindi. Kwenye zahanati moja ya masista, sista mkuu alinitazama, akalitazama gari, akaniuliza kama najua kutengeneza friji. Nikaitengeneza. Gari likajaa, na nilipoondoka nikapewa viazi vitamu. Kwa hiyo pale nililipwa mimi. Lakini nilipovuka Kasumbalesa na kufika Lubumbashi, hoteli moja ilinitajia bei kwa saa. Bei ya saa zote za kulijaza gari ingeninunulia nusu gunia la unga. Nikadhani sikusikia vizuri.

"Umesikia muzuri, mon vieux," mlinzi akanituliza. "Courant ya hapa inatokaka ku jenereta. Jenereta inakunywaka mazuti. Sasa weye unaleta gari ya courant ikunywe mazuti ya bei, juu ya nini? Si ungenunua tu gari ya mazuti?"

Courant kwao ni umeme, na mazuti ni dizeli. Tangu baharini mpaka pale, umeme ulikuwa umeme uleule, lakini hakuna mahali pawili palipokuwa na bei moja. Nilianza kushtuka hapo, na sikuacha tena.

Mwenye gari alikuwa Mama Véro, mjane wa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba. Alikuwa akinisubiri mbele ya nyumba yake kule Kikula, amefunga kitenge kipya.

"Njo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii, mama."

"Iko mudogo."

"Ni dogo, lakini lina nguvu."

"Na makelele yake iko wapi? Nilisikia mulango tu ikifungwa." Akaliwekea mkono juu ya boneti, kama mtu anayempima mtoto homa. "Minye niliweka pale feza yote ya marehemu. Yote. Unasikia? Kama haiendi, shiye tunalala njaa."

Marehemu mumewe alikuwa amelipwa haki zake kwa kuchelewa sana, na Mama Véro hakutaka zile pesa ziishe kwa kula. Alitaka teksi. Akachagua gari la umeme kwa hesabu ambayo hata leo siwezi kuicheka. "Mwadingusha iko kule, Koni iko kule," alinionyesha kwa kidole upande wa mabwawa ya umeme. "Maji inaanguka bure. Cobalt ya mu batiri inatoka hapa chini ya miguu yetu. Sasa gari ya hivi itakosa chakula Likasi, itakipata wapi?"

Nilikuwa nije kukabidhi gari na kurudi. Nikabaki, kwa sababu aliniomba niliendeshe na nimtafutie mahali pa kulichaji kwa bei ya kuacha faida. Lubumbashi kulikuwa na mnunuzi aliyetaka kulichukua, si alitembeze, bali alitoe betri na kutupa mengine. Mama Véro alimwambia asubiri mpaka mvua za kwanza. Kufikia hapo, kama gari linakula kuliko linavyoleta, angeuza.

Nikaanza kuzunguka mji. Nyumbani kwake umeme ulikuwa mnyonge kiasi kwamba gari lilikataa kuupokea, likawasha taa nyekundu na kunyamaza. Kwenye kinu cha kusaga mahindi walikuwa na umeme mzito, lakini mwenye kinu alitaka nilipe mahindi ambayo hangeyasaga wakati gari likiwa limechomekwa. Kwa mchomeleaji wa vyuma, kila alipogusa chuma gari lilikata, aliponyanyua likaanza tena, mpaka nikahisi kizunguzungu. Nyumba moja ya wageni katikati ya mji ilinitajia bei nzuri, kisha jioni ikaongeza ya mlinzi, asubuhi ikaongeza ya meneja. Kwa wiki tatu teksi ililipa chakula chake tu. Mama Véro alikuwa anatazama mawingu.

Ndipo nilipompata Papa Ilunga, au tuseme yeye ndiye aliyenipata. Alikuwa mzee wa tanuru la kuyeyushia shaba, amestaafu, mwembamba, mwenye baiskeli nyeusi aliyoifuta kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Alikaa kwenye avenyu, mtaa mmoja wa nyumba za kambi ya zamani ya wafanyakazi, nyumba zilizopangwa moja nyuma ya nyingine kama mabehewa. Aliniona nimesimamisha gari, nimeegemeza kichwa kwenye usukani.

"Weye unatafuta courant," akasema. Si kwamba aliuliza.

"Ndiyo, papa. Hapa kwenu mnalipa kiasi gani?"

"Hapa tunalipaka forfé. Kila mwezi feza moja tu. Uwashe lampi moja, uwashe kumi, feza ni ile ile. Mita hakuna."

Nikashuka garini. Nimetoka bahari mpaka pale nikihesabu, kumbe kuna mahali ambapo gari lingeweza kunywa mwezi mzima bila mtu kuongeza hata shilingi! Nikamuuliza angetaka nini yeye. Akafikiri, akaita ndani, akatoka mkewe, Mama Adèle, mikono imejaa unga. Mama Adèle alikaanga vitumbua na kuviuza mbele ya nyumba tangu alfajiri.

"Aniendeshe ku misa," Mama Adèle akasema. "Kila siku ya Mungu. Magoti yangu haitaki tena baiskeli."

"Basi?"

"Basi. Na anikalishe mbele."

Safari moja ya kanisani kila Jumapili. Hiyo ndiyo ilikuwa bei. Nilimwambia Mama Véro, akakaa chini kabisa, akasema, "Haiwezekani," kisha akacheka mpaka akajifuta macho. Kuanzia wiki ile teksi ikaanza kuleta pesa. Nilijisifu, vijana. Kila abiria nilimweleza jinsi nilivyopata bei ndogo kuliko zote nilizowahi kusikia.

Sasa ngoja niwaambie nilichokisahau. Mzee Shomari alikuwa na tabia moja iliyonichosha nilipokuwa mwanafunzi wake. Ukimwambia kuna umeme, haulizi bei. Anatoka nje, anainua kichwa, anaufuata waya kwa macho, nguzo kwa nguzo, mpaka mwisho, anahesabu nyumba. Watu walimcheka, wakasema anatafuta ndege. Likasi mimi sikuinua kichwa hata mara moja. Ningeinua ningeona waya mmoja mkuukuu, umeungwa mahali pengi, unatoka kwenye kabini, kile kijumba cha transfoma, na kuzilisha nyumba zote za avenyu ile. Dalili nilizipata pia. Mama mmoja aliniambia taa yake imekuwa nyekundu kama kaa la sigara. Nikamjibu anunue balbu mpya. Fundi mzima!

Ikafika Jumamosi moja ya kuandaa komunyo ya kwanza. Watoto wengi wa avenyu ile walikuwa wakipokea kesho yake, na nilikuwa nimeahidi kuwapeleka kanisani kwa zamu, bure, wakiwa wameketi garini na nguo zao nyeupe. Kwa hiyo nilitaka gari lijae. Saa tano asubuhi nikachomeka. Nikagusa plagi kwa mgongo wa mkono, vuguvugu, sawa, nikajiona fundi. Sikufikiri kwamba saa hiyohiyo kila nyumba ilikuwa inapiga pasi gauni jeupe, na kila nyumba imewasha majiko mawili ya umeme kwa ajili ya kuku wa sherehe.

Ulisikika mlio mfupi tu, kama mtu amepasua kitambaa. Nikainua kichwa, mara ya kwanza. Waya ulikuwa umekatika katikati ya avenyu, ncha yake inafuka moshi. Redio zote zikanyamaza kwa pamoja. Kisha milango ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakatoka wameshika pasi mkononi. Wote walilitazama gari.

Papa Ilunga ndiye aliyekuja kuchomoa. Aliukunja waya wangu vizuri, akauweka juu ya kiti cha nyuma, akafunga mlango wa gari polepole.

"Papa," nikaanza.

"Wacha kwanza," akasema. "Batoto biko na misa."

Kesho yake watoto walipokea komunyo na nguo zilizopigwa pasi za makaa, zile za chuma za bibi zao, na gauni mbili tatu zilikuwa na alama za masizi begani. Walikwenda kwa miguu. Gari lilikuwa na umeme wa kutosha kuwapeleka wote, lakini hakuna mama aliyeniletea mtoto wake. Nilisimama kando yake, milango imefunguliwa, msururu mweupe ukapita mbele yangu. Mama Adèle alikuwa nyuma kabisa, anachechemea, ameshika fimbo ya fagio. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Huko, waya wa avenyu ukiungua, watu hawakai wakisubiri. Huchangishana, kila nyumba sehemu yake, wananunua waya wao, kisha wanamwita fundi wa kampuni aje aunganishe. Jumatatu walipita na beseni. Nikajipanga na pesa zangu mbele ya nyumba ya Papa Ilunga, lakini beseni likanipita kama linavyopita nguzo. Nikamfuata mkuu wa avenyu, bwana mnene mwenye kofia ya kiwandani.

"Mimi ndiye niliyeunguza. Chukueni."

"Weye hauko muntu wa hapa," akanijibu, wala si kwa ukali. "Hauna nyumba. Weye ni mugeni wa Ilunga. Sehemu yako Ilunga alishalipa."

"Amelipa na nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. Nikageuka. Ukutani, pale ilipokuwa ikiegemezwa ile baiskeli nyeusi, palikuwa na alama ya mpini tu.

Nilikaa chini, pale pale njiani. Vijana, nimepigwa shoti mara nyingi maishani, moja ilinitupa mpaka upande wa pili wa gereji, lakini hakuna iliyonipiga kama ule ukuta mtupu. Bei ndogo kuliko zote! Baiskeli ya mzee, pasi za makaa, magoti ya Mama Adèle. Kila siku nilipochomeka, bei ilikuwa inapanda, na mimi nilikuwa nikiisifu kwa abiria.

Nilimweleza Mama Véro yote. Mnunuzi wa Lubumbashi alikuwa amepiga simu siku hiyohiyo, maana mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha. Nilidhani atasema gari liende. Badala yake alijifunga kitenge chake kile, akaniambia, "Nipeleke."

Walikuwa wamekutana uani kwa Papa Ilunga kuhesabu michango. Mama Véro hakusubiri kiti.

"Minye ni mwenye gari," akasema. "Ile gari inakunywaka ku courant yenu. Basi gari inakaa ku avenue yenu. Muihesabu sawa nyumba. Itoe sehemu ya waya, na waya ingine ikiungua, itoe tena."

Sauti ikatoka nyuma: "Gari iko na batoto ngapi?"

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza, "Kama iko muntu wa hapa, itoe na ya kilio, muntu akifa!"

"Ku kilio itabeba batu," Mama Véro akajibu hapohapo. "Bure. Na mwenye kuzaa, bure."

"Na courant itakunywa saa gani? Wakati bibi yangu anapika?"

Hapo ndipo Mama Adèle aliponishangaza kuliko wote. Bila kuinuka kwenye kigoda chake alianza kutaja, nyumba kwa nyumba, nani anawasha jiko saa ngapi, nani ana pasi, nani ana friji inayokoroma na nani anaificha yake nyuma ya pazia. Kwa miaka yote ya kuuza vitumbua pale barazani alikuwa ameijua avenyu ile kuliko kipimo chochote nilichowahi kununua. "Saa saba mpaka saa kumi," akahitimisha. "Batu balishakula, bado kupika ya jioni. Saa ile benye majiko bazime kabisa. Gari ikule yake."

Wakakubaliana. Mnunuzi akaambiwa atafute betri kwingine. Mama Véro alilia kidogo, akajifuta kwa pindo la kitenge, akauliza kama vitumbua vimebaki.

Papa Ilunga akasimama. Akainua mkono.

"Minye niko na neno moja. Ule muzungu mweusi wa Dar," akanionyesha, na watu wakacheka tena, "asishike plagi tena. Hata siku moja. Mama Adèle atashika."

Kicheko kikaisha. Nilishtuka, kisha nikaona kwamba ni haki kabisa. Nikamfundisha Mama Adèle kwa siku nne: kukunjua waya wote, mgongo wa mkono, taa ya kijani, taa nyekundu. Binti wa Mama Véro, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anajua kuendesha na alitaka kazi ya jioni. Nikaona hakuna kilichobaki cha mimi kufanya pale.

Nilikuwa na kipima umeme kizuri, alichoniachia Mzee Shomari alipoacha kazi, pamoja na sanduku la vifaa nililolikusanya miaka yote. Nikavipeleka kwa fundi mmoja sokoni, navyo vyote vikanipatia kiasi cha kuikomboa baiskeli moja nyeusi. Sasa mnajua nilivyostaafu. Niliiegemeza ukutani, mpini kwenye alama yake, Papa Ilunga akatoka, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nani aliipaka grisi?" akauliza.

"Mimi."

"Uliweka mingi."

Akaleta kitambaa, akaanza kuifuta.

Siku niliyoondoka ilikuwa Alhamisi, saa saba na robo mchana. Nilibeba begi nikaenda kuomba nipelekwe na gari mpaka mahali malori ya kaskazini yanaposimama. Nilijua sitarudi. Likasi ninaukumbuka mji ule kila wiki, lakini kuna miji ambayo mtu huikumbuka vizuri zaidi akiwa mbali.

Mama Adèle alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya gari, kiganja chake kimegeuzwa, mgongo wa mkono juu ya plagi.

"Haiwezekani," akaniambia. "Gari iko nakula."

"Mama, mimi ndiye niliyelileta!"

"Si najua. Iko nakula."

Papa Ilunga alikwisha kuitoa baiskeli. Akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja, nikapanda na begi langu magotini, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi. Tukaondoka, yeye akihema, mimi nikiinua kichwa kuufuata waya mpya nguzo kwa nguzo, nikihesabu nyumba. Katika kila mlango aliketi mtu, jiko lake limezimwa, akitupungia mkono.